Je, wajua? Kinachopoza maji ya mtungi ndicho kinachoua watu mlimani

Nyumba nyingi za Mikindani, Kilwa na Newala bado zina mtungi. Ukiuweka chumbani kusikopita hewa, maji yake hupoa kidogo tu. Ukiuweka barazani, upande unaokabili kusi, ikifika alasiri maji yana ubaridi wa kuburudisha. Hakuna aliyetia barafu. Udongo wa mtungi una vinyweleo, maji huvuja taratibu mpaka ukutani kwa nje, upepo huyageuza mvuke, na mvuke huo unapoondoka huondoka na joto. Joto hilo limechotwa kwenye maji yaliyobaki ndani.

Sasa ondoa mtungi, weka mtu. Amevaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi, amelowa chapachapa, amesimama kwenye mgongo wa mlima na upepo unavuma. Huyo naye ni mtungi. Tofauti ni kwamba mtungi ukipoa nyuzi 7 tunafurahi, ila mtu akitoka nyuzi 37 za sentigredi akafika 30 hajitambui tena, na moyo wake unaweza kusimama wakati wowote.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo watu wa pwani huliuliza kwa mshangao: mtu atakufaje kwa baridi mahali pasipo na barafu? Theluji kavu unaikung'uta begani ukaendelea na safari. Mvua ya nyuzi 3 au 8 haikung'utwi. Inaingia shingoni, inashuka mgongoni, inajaa viatuni, na tangu hapo mwili wako ndio unaolipa gharama ya kuikausha.

Gharama yenyewe inapigika hesabu. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kwenye ngozi kunahitaji takriban kilokalori 580. Mwili uliotulia hutoa joto la wati 80 hadi 100, kama balbu moja ya zamani. Nguo zako zikiwa zimebeba lita 1 na upepo ukaikausha kwa saa 2, unanyang'anywa zaidi ya wati 300 muda wote huo, mara tatu ya unachozalisha ukiwa umekaa. Ukiwa unapanda na mzigo mgongoni unazalisha wati 400 na kuendelea, kwa hiyo huoni tatizo. Tatizo linakuja unaposimama. Ndiyo maana watu hawazidiwi sana wakati wa kupanda. Wanazidiwa wakiwa wamepumzika kumsubiri mwenzao, au jioni wakihangaika na kamba za hema.

Upepo peke yake, hata kwa ngozi kavu, una kazi yake. Kipimajoto kikisoma nyuzi 5 na upepo ukivuma kilomita 40 kwa saa, ngozi hupoteza joto kana kwamba ni chini kidogo ya sifuri. Ongeza maji, ambayo hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, na kile kitabaka cha hewa vuguvugu kilichokuwa kati ya nguo na mwili kinakuwa kimekwisha.

Mvuvi wa Msanga Mkuu anaijua habari hii bila hesabu yoyote. Usiku wa kipupwe, hewa nyuzi 22, akilowa kwa mawimbi anatetemeka mpaka meno yanagongana. Mlimani ni jambo lilelile, ila ukianzia kwenye joto la chini zaidi. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 hadi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Siku ambayo Mtwara mjini ni nyuzi 27, hewa ya mita 3,000 huwa karibu nyuzi 8, na ya mita 3,700, kwenye vibanda vya Horombo upande wa Marangu wa Kilimanjaro, huwa karibu 3. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni chini ya sifuri kwa nyuzi kumi hivi. Cha ajabu, kule juu kabisa watu hujiandaa vizuri, kwa sababu wanaogopa barafu. Wanakojisahau ni katikati, na kwenye milima isiyo na barafu kabisa kama Rungwe, Uluguru au Livingstone juu ya Ziwa Nyasa, ambayo kwa barabara ya Masasi, Tunduru na Songea si mbali na huku kwetu kusini, Mtwara na Lindi, kama watu wanavyodhani.

Majira nayo yana mtego. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, unaoisha karibu na Aprili au mwanzo wa Mei. Kilimanjaro na Meru zina misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli inayokolea Novemba. Korosho zinauzwa kuanzia Oktoba, fedha inaingia mfukoni Novemba, mtu anapanga safari. Anafika Moshi kwenye vuli. Kama unaweza kusubiri, nenda Januari au Februari. Au Julai hadi Septemba, ambapo ni baridi zaidi lakini pakavu.

Nguo: peleka mizani, usipeleke macho

Pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, jinzi ndiyo mbaya kupita zote. Polista hainywi karibu chochote ndani ya uzi wake. Maji hukaa kati ya nyuzi tu, ukikamua yanatoka. Sufu hunywa, lakini hubaki na hewa ndani na huendelea kukupa joto ikiwa na unyevu.

Usiamini maandishi, pima. Chukua suruali ya jinzi na jezi ya mpira, ya Simba au ya Yanga, zote ni polista. Pima kila moja ikiwa kavu kwenye mizani ya dukani, iloweke dakika 10, ikamue kwa nguvu zako zote, ipime tena. Kila gramu iliyoongezeka ni mililita 1 ya maji utakayoyakausha kwa joto lako. Zianike pamoja kivulini. Jezi itakauka ukiwa bado unakunywa chai. Jinzi itakusubiri mpaka kesho.

Kwa safari ya siku 4 hadi 6 mpango ni huu. Ngozini fulana ya mikono mirefu na suruali nyembamba, zote za polista au sufu. Juu yake sweta la manyoya ya polista, lile jepesi linalojaa kwenye mitumba kwa sababu huku hakuna anayelitaka. Juu kabisa koti la mvua lenye kofia na suruali ya mvua. Suruali hiyo watu huiacha, kisha mapaja, yenye misuli mikubwa, yanalowa na kupoa. Koti lililopakwa raba hufaa kuzuia mvua lakini halitoi jasho, kwa hiyo tembea taratibu: ukilowa kwa jasho umelowa tu, mwili haujui tofauti. Kanuni nzuri ni kuanza kutembea ukisikia baridi kidogo. Baada ya dakika 10 unakuwa sawa. Ukianza ukiwa na joto la kupendeza, dakika 20 baadaye unatiririka.

Kisha kuna seti ya pili, na hii haina mjadala: soksi, fulana, suruali na kofia ya sufu ambazo hazivaliwi popote isipokuwa ndani ya hema. Zifunge kwenye nailoni nzito inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mita 2 zinatosha, kunja mdomo mara tatu ufunge kwa kamba. Kiroba cha sandarusi hakizuii maji, kimefumwa. Asubuhi vaa tena zile za jana zilizolowa, hata kama inauma. Anayevaa kavu asubuhi kwa sababu ya uvivu wa dakika 5 atakuwa hana kavu usiku.

Kosa jingine hutokea kwa wanaosaidiwa mzigo. Mpagazi, ambaye Kilimanjaro haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, hutembea kasi kuliko wewe. Mvua ikianza saa 7 mchana yeye yuko kambini na begi lako. Koti la mvua, sweta, glavu na chakula cha siku vinakaa kwenye begi la mgongoni mwako, siku zote, hata kukiwa na jua.

Korosho si kitafunwa

Mwili unaotetemeka unaweza kuzalisha joto hadi mara tano ya ule uliotulia, lakini unachoma akiba ya sukari haraka. Akiba ikiisha mtetemo unazima, na huo si unafuu. Hapa mtu wa Mtwara na Lindi ana bahati asiyoijua. Gramu 100 za korosho zina kilokalori karibu 560, sawasawa na joto la kukausha lita 1 ya maji. Karanga na ufuta viko hapohapo. Unga wa mahindi na mchele ni karibu 360. Ndizi mbivu ni 90 tu, mzigo mwingine wote ni maji.

Kwa siku moja ya kutembea na begi, pakia korosho gramu 200, mchele au unga gramu 300, sukari gramu 100, mafuta ya kupikia mililita 60 na dagaa wakavu gramu 50. Ni kilokalori 3,200 hivi ndani ya gramu 700. Korosho na kashata za ufuta zikae mfukoni, si begini, na zitafunwe kiganja kimoja kila saa, kwa sababu kwenye mvua hakuna anayekubali kufungua begi. Maharage na kunde ziache nyumbani: maji huchemka kwa nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 hivi, kwa hiyo kwenye mita 3,700 yanachemka karibu nyuzi 88, na maharage yatamaliza gesi yako yakiwa bado yanagonga sahani.

Mazoezi ya miguu huku yapo tele. Makorongo yanayoshuka kutoka uwanda wa Newala, pale Shimo la Mungu panapoangalia bonde la Ruvuma, ndiyo njia ambazo watu wa uwandani walikuwa wakishuka na kupanda kutafuta maji, kwa kuwa mchanga wa juu hauyashiki. Beba dumu la lita 10, panda mara tatu kwa siku mbili mfululizo. Majabali ya Masasi yanafaa kuzoeza nyayo kwenye mwamba. Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, nao utakupa ukungu na tope. Lakini hakuna hata sehemu moja ya kusini itakayokuzoeza baridi, hivyo fanya jaribio: Julai alfajiri, ukingoni Newala, jimwagie ndoo ya maji ukiwa na nguo ulizopanga kuvaa, simama upeponi dakika 15 na mwenzako akiwa karibu na blanketi. Kama hukuvumilia nyuzi 16, mpango wa nyuzi 6 haupo.

Mwenzako akianza kupoa

Yeye hatakwambia. Ubongo ni wa kwanza kulewa baridi, na mgonjwa huapa kwamba yuko sawa. Angalia vitendo: anadondosha vitu, anajikwaa pasipo na jiwe, anakuwa mkali au mkimya ghafla, hawezi kufunga zipu. Mwambie agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha atembee hatua 10 kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, safari imesimama.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 anatetemeka sana. Likikaribia 32 mtetemo hukatika na maneno yanaburuzika. Wengine huanza kuvua nguo wakilalamika joto, kwa sababu mishipa iliyobanwa chini ya ngozi inalegea na damu ya moto inafurika juu. Simulizi za watu waliopandwa na majini ya mlimani na kutupa nguo zao huenda zilianzia hapo.

Kwanza mtoe kwenye upepo, hata kwa kushika turubai juu ya vichwa vyenu nyote. Mvue kila kilicholowa, mvishe seti kavu pamoja na kofia. Weka kitu chini yake kabla ya juu yake: godoro la sponji, kamba, mabegi yaliyomwagwa, kwa kuwa ardhi humnyonya kuliko hewa. Mwingize kwenye mfuko wa kulalia, weka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa soksi kwenye makwapa na kifuani. Kama anaweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza, mpe chai yenye sukari nyingi. Gongo na uraka hapana: pombe hufungua mishipa ya ngozi, anahisi moto huku joto la ndani likikimbilia nje. Usimsugue mikono na miguu, usimkalishe jirani na moto.

Aliyeacha kutetemeka na hajibu anabebwa kama trei ya mayai, akiwa amelala, kwa sababu moyo uliopoa huvuruga mapigo kwa mtikiso mdogo tu. Mapigo yake yanaweza kuwa ya mbali sana. Yatafute shingoni kwa dakika 1 nzima. Na asitangazwe marehemu akiwa bado wa baridi. Wapo waliokutwa wamekakamaa, wakapashwa moto hospitalini kwa saa nyingi, wakaamka.