Stadi za maisha si ufundi, wala si adabu

Siku ya wazazi katika shule nyingi za msingi hapa Tanga, meza ya maonyesho huwa na sabuni ya maji iliyotengenezwa na darasa la sita, mikeka ya ukili na mafungu ya mchicha wa bustani ya shule. Mwalimu husimama akamwambia mgeni rasmi kwamba hizo ndizo stadi za maisha wanazofundisha. Watu hupiga makofi. Nimelisikia Ngamiani, nimelisikia Pongwe, na kila ninapolisikia huwawazia watoto walioachwa bila kile kitu chenyewe kwa sababu jina lake limepewa kitu kingine.

Stadi za maisha ni uwezo wa mtu kujimudu nafsi yake na kuishi na wenzake pale maisha yanapomtaka aamue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizitaja kumi, ziendazo mbili mbili: kufanya uamuzi na kutatua matatizo, fikra tunduizi, yaani kulipima jambo kabla ya kulikubali, na fikra bunifu, mawasiliano na mahusiano, kujitambua na kuhisi anachohisi mwenzako, kuhimili hisia na kuhimili msongo wa mawazo. Sabuni haimo.

Mkanganyiko una historia yake. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere iliingiza jembe shuleni tangu 1967. Baadaye likawapo somo la Stadi za Kazi, lenye mapishi, ushonaji, ufinyanzi na useremala, na wazazi wengi wa leo walilisoma. Stadi za maisha hazikupata bahati ya kuwa na kipindi chenye jina lao. Ziliingia kama suala mtambuka: usafi na magonjwa vikaenda kwenye sayansi, kuheshimiana kukaenda kwenye Uraia na Maadili, na katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 maadili yamewekwa pamoja na Historia ya Tanzania. Jambo lililogawanywa hivyo hukosa mwenyewe. Mwalimu anayetakiwa kuonesha kwamba analifundisha hutafuta kinachoonekana mezani, na mkeka unaonekana.

Sasa mchukue msichana wa darasa la saba anayetembea kutoka Mabokweni. Kijana wa bodaboda anamsimamia, anampa lifti. Kesho yake ni chipsi, siku nyingine vocha. Msichana huyu anajua kusuka, na ukimpa mtihani atakutajia njia zote za maambukizi ya VVU bila kukosea. Pale barabarani hakuna anayemuuliza ataje. Anachohitaji ni kutambua kwamba anavutwa kidogo kidogo, kusema hapana kwa sauti isiyoyumba, kuvumilia kuchekwa na wenzake waliokubali, na kujua atamweleza nani: mama, mwalimu wa malezi, au namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo ni bure kuipiga. Hayo hayaingii mwilini kwa kunakiliwa ubaoni. Mtoto huyapata kwa kuyatamka na kuyarudia.

Wengine huniambia, basi hayo ni maadili tu, na maadili tunayafundisha. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Pwani tunamlea mtoto amsikilize kila mkubwa, aitwe aitike, atumwe aende. Ni malezi ninayoyapenda na singetaka yapotee. Lakini maadili humwambia mtoto lipi jema, na stadi humpa nguvu ya kulishika wakati mkubwa aliye mbele yake ndiye anayetaka baya. Mtoto anaweza kumwamkia mtu shikamoo na bado akakataa kuingia chumbani kwake. Asipofundishwa kwamba mambo hayo mawili hukaa pamoja, mwenye nia mbaya ataitumia heshima yake hiyo hiyo kumnyamazisha.

Na tusiseme kwamba njia ya kufundisha hivyo ni ngeni kwetu. Kungwi hakumpa mwari madaftari. Alimwimbia, akamwonesha, akamtaka arudie mpaka aweze. Si yote yaliyofundishwa unyagoni ambayo ningependa yaingie darasani, na mengi yalimfundisha binti kutii kuliko kupima, lakini kufundisha kwa kutenda walikujua vizuri, na walimu wetu leo wanakuita igizo dhima. Darasa likiwa limefurika, kweli, huwezi kuwatoa wote mbele. Watoto wawili wa dawati moja wanaweza kugeukiana, mmoja awe anayeshawishi na mwingine anayekataa, kisha wabadilishane. Kelele zitakuwepo. Ziache.

Kwa hiyo, walimu wangu, sabuni iiteni stadi za kazi, na mtoto aliyeitengeneza msifuni kwa kazi yake. Na kwenye andalio la somo, pale mnapoandika "mwanafunzi aweze kutaja stadi za maisha", futeni neno "kutaja". Andikeni kitu anachoweza kukitenda: "aweze kukataa lifti ya mtu asiyemwamini, na kueleza atamwambia nani akifika nyumbani."