Barua Ambayo Churchill Hakutakiwa Kuiona

Kila ninapofundisha diplomasia ya Vita Kuu ya Pili, huwa naanza na barua moja. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliiandika mwanzoni mwa Mei 1943. Hakuipitisha kwa balozi wake. Aliikabidhi kwa Joseph Davies, balozi wa zamani, naye akasafiri nayo hadi Moscow na kumpa Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, mkononi tarehe 20 mwezi huo. Roosevelt alitaka wakutane, wao wawili tu, na akaanza kuchambua mahali pa kukutania kama kijana anayepanga kumwona mchumba bila wazee kunusa. Afrika wakati wa kiangazi haifai, na isitoshe Khartoum ni ardhi ya Waingereza. Iceland haimpendezi: kuruka hadi kule ni taabu kwa wote wawili, tena, alikiri waziwazi, ingekuwa vigumu kutomwalika Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Basi akapendekeza Mlango-bahari wa Bering, upande wa Urusi au wa Marekani, popote Stalin atakapopenda.

Sasa tazama kalenda. Siku Stalin anaisoma barua hiyo, Churchill alikuwa Washington, mgeni wa Roosevelt mwenyewe, wakipanga pamoja mashambulizi ya Ulaya.

Churchill alikuja kupata habari mwezi uliofuata, akalalamika. Jibu la Roosevelt la tarehe 28 Juni lipo kwenye nyaraka hadi leo: si yeye aliyependekeza wakutane peke yao, ni Stalin aliyedhani hivyo. Uongo mtupu, ulioandikwa kwa utulivu kabisa na mtu aliyekuwa akimwita Churchill rafiki, na naamini urafiki wenyewe ulikuwa wa kweli.

Naanza na barua hii kwa sababu wanafunzi wangu wengi huja wakiamini kwamba siri za vita ni za kumficha adui. Hizo zipo. Lakini ukikaa na mawasiliano ya wakubwa hawa watatu, unakuta sehemu kubwa ya usiri ulikuwa wa kumficha mshirika. Na maoni yangu, ambayo wenzangu kadhaa hawayapendi, ni kwamba muungano ule ulidumu kwa kufichana huko huko. Wangeulizana maswali yote mwaka 1943, wangeachana mwaka huo huo.

Hawakuwa na sababu ya kuaminiana. Churchill alikuwa ametamani kuuzima utawala wa Kibolsheviki, yaani wa wakomunisti wa Urusi, tangu ulipozaliwa. Stalin, kwa upande wake, Agosti 1939 alikubaliana na Hitler kugawana Poland katika nyongeza ya siri ya mkataba wao, ambayo Moscow iliendelea kuikana hadi mwaka 1989. Wajerumani walipoivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941, Churchill alitangaza redioni jioni ile ile kwamba Uingereza itaisaidia. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikuwa watatu, na kilichowaweka zizini ni simba aliyekuwa nje.

Roosevelt alijiona ndiye awezaye kumtuliza fahali wa Moscow. Machi 1942 alimwandikia Churchill, bila hata haya, kwamba angeweza kumshughulikia Stalin binafsi vizuri zaidi kuliko wizara za mambo ya nje za nchi zao zote mbili. Wengi humcheka kwa hilo. Mimi simcheki sana, kwani alijua anataka nini: Warusi waendelee kuwaua Wajerumani, baadaye wamsaidie dhidi ya Japani, na baada ya vita waingie kwenye jumuiya mpya ya mataifa. Bei yake ilikuwa Churchill kuachwa pembeni mara kwa mara. Huko Tehran, Novemba 1943, Churchill aliomba wale chakula cha mchana wawili tu kabla ya mkutano, Roosevelt akakataa ili Stalin asidhani wanapanga njama. Kisha akaenda kuzungumza na Stalin faraghani. Zaidi ya hayo, alikubali kulala ndani ya eneo la ubalozi wa Kisovieti, baada ya Warusi kusema kuna njama ya Wajerumani ya kuwaua viongozi. Vyumba vyake vilikuwa na vinasa sauti, na asubuhi Stalin alipewa taarifa ya yaliyosemwa usiku. Nadhani Roosevelt alilihisi hilo. Mtu anayetaka kuaminiwa anaweza kuona faida ya kusikilizwa akidhani hasikilizwi.

Lakini msimwonee Churchill huruma mapema. Naye alikuwa na zamu yake.

Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1944 alikuwa Kremlin, makao ya serikali mjini Moscow, na waziri wake wa mambo ya nje, Anthony Eden. Upande wa pili wa meza walikaa Stalin na Molotov, waziri wake wa mambo ya nje. Balozi wa Marekani, Averell Harriman, alikuwa Moscow hapo hapo na alipaswa kuhudhuria mazungumzo kama mwangalizi, lakini usiku huo hakuwemo. Jeshi Jekundu lilikuwa limeshaingia Rumania na Bulgaria. Churchill, kwa simulizi yake mwenyewe, alichukua nusu karatasi, na mkalimani akiwa bado anatafsiri, akaandika kila upande uwe na ushawishi kiasi gani katika kila nchi: Rumania, Urusi 90 kwa 100, Ugiriki, Uingereza 90, Yugoslavia na Hungaria, nusu kwa nusu, Bulgaria, Urusi 75. Akaisukuma mezani. Stalin akachukua penseli ya buluu, akapiga alama kubwa ya vema, akaisukuma irudi. Churchill akaona aibu kidogo, akasema pengine waichome, watu wasije wakaona wameamua hatima ya mamilioni kwa wepesi namna ile. Stalin akamwambia akae nayo.

Karatasi hiyo ingalipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, pamoja na alama yake ya buluu. Huwa najiuliza asilimia 75 ya Bulgaria ni kitu gani. Ni mawaziri? Ni reli? Hakuna aliyefafanua. Lakini siku mbili zilizofuata Eden na Molotov walikaa wakivutana bei kama wachuuzi, na mwishowe Bulgaria na Hungaria zote zikapanda hadi 80 kwa Warusi.

Roosevelt je? Alipelekewa ujumbe wa pamoja uliosainiwa na Churchill na Stalin, wenye maneno mazuri kuhusu kutafuta sera ya pamoja kwa nchi za Balkani. Ndani yake hamna asilimia hata moja. Churchill aliandika pia barua ya kumweleza Stalin maana ya zile namba. Alipomsomea Harriman, huyo alimwonya kwamba Washington ingeikana mchana kweupe. Barua haikutumwa.

Watu hubishana kama mapatano yale yalikuwa na uzito wowote, kwa kuwa majeshi ndiyo yaliyoamua. Kwa Rumania na Bulgaria, ni kweli. Kwa Ugiriki nasita. Desemba 1944 askari wa Uingereza walikuwa wakipigana katika mitaa ya Athens na wapiganaji wa mrengo wa kushoto, watu waliokuwa wamewapinga Wajerumani kwa miaka, na Stalin hakuwasaidia wala kuwapigia kelele Waingereza. Miezi mitatu baadaye zamu ikageuka. Mjumbe wake, Vyshinsky, alimlazimisha Mfalme Mihai wa Rumania kuteua serikali ya Petru Groza. Churchill alijikuta ulimi mzito. Alimweleza Roosevelt sababu: Stalin alikuwa ameshika neno lake kuhusu Ugiriki.

Kuna siri nyingine ambayo Churchill na Roosevelt waliibeba pamoja, nayo ndiyo hunikera kuliko zote. Aprili 1943 Wajerumani walitangaza kwamba wamegundua makaburi ya maofisa wa Poland waliouawa, katika msitu wa Katyn nchini Urusi. Serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London iliomba uchunguzi, Stalin akavunja uhusiano nayo. Mwanadiplomasia Mwingereza, Owen O'Malley, aliandika taarifa ndefu ikionyesha kuwa ushahidi unaelekeza kwa Warusi wenyewe. Churchill aliipeleka kwa Roosevelt, akaomba arudishiwe baada ya kusomwa. Hadharani hawakusema kitu. Moscow ilikuja kukiri mwaka 1990.

Ukitaka kujua kufichana kunafikia wapi kabla kamba haijakatika, soma barua za Machi na Aprili 1945. Jenerali wa SS, kikosi cha chama cha Hitler, Karl Wolff, alikuwa amekutana kwa siri huko Uswisi na Allen Dulles, mkuu wa ujasusi wa Marekani mjini Bern, wakizungumzia kusalimu amri kwa majeshi ya Kijerumani nchini Italia. Warusi walipewa habari, wakaomba wajumbe wao wawepo, wakakataliwa. Stalin akalipuka. Tarehe 3 Aprili alimwandikia Roosevelt kwamba Wajerumani wamekubali kuwafungulia njia Wamarekani na Waingereza, nao kwa malipo yake watawalegezea masharti ya amani. Jibu la Roosevelt lilieleza uchungu mkubwa dhidi ya watoa habari wa Stalin kwa upotoshaji wao mbaya. Tangu waanze kuandikiana, hawakuwahi kufikia ukali huo.

Siku chache baadaye Roosevelt aliamua kulifunga suala hilo. Akatuma ujumbe mfupi wa kusema kutoelewana kwa Bern kumepita, na kwamba mambo madogo ya aina hiyo yasitokee tena. Harriman aliuzuia kwanza Moscow, akauliza kama neno "madogo" liondolewe, kwa kuwa yeye hakuona chochote kidogo katika mkasa ule. Jibu lilitoka Washington tarehe 12 Aprili: neno libaki. Alasiri ya siku hiyo hiyo Roosevelt alifariki, na Harriman akaupeleka ujumbe kwa Stalin kama ulivyo.