Je, wajua kwa nini shule inaweza kuwa na sola juu ya bati na bado ikawa inakata miti?

Ukishika barabara ya Kondoa kutoka Dodoma mjini, au ukaenda upande wa Kongwa, siku hizi unakutana na shule zina paneli za sola juu ya bati, zinang'aa mpaka unaziona ukiwa mbali. Unasema afadhali, hawa wamejikomboa, umeme wao wenyewe. Ila zunguka nyuma ya bwalo. Mara nyingi utakuta rundo la kuni limefika dirishani, na moshi unatoka jikoni tangu alfajiri.

Mi nimesoma bweni huku huku Dodoma na najua ule moshi. Jumamosi tulikuwa tunatumwa kuni, kila mtu na mzigo wake, na kila muhula tulikuwa tunaenda mbali kidogo zaidi kwa sababu za karibu zimeshaisha. Wapishi wetu walikuwa na macho mekundu mwaka mzima. Kwa hiyo hili swali linanihusu kabisa: shule ina jua la bure, imefunga sola, kwa nini bado inakata miti?

Jibu liko kwenye hesabu, na ni hesabu ambayo watu wengi hawaipigi kwa sababu tukisikia "nishati" tunawaza taa.

Chukua shule ya bweni ya wanafunzi 600. Taa za LED 100 za wati 10 kila moja, zikawaka saa nne za prepo na bwenini, hizo ni uniti 4 tu, uniti zile zile za LUKU unazozijua. Ongeza kompyuta, printa, simu za walimu, taa za ulinzi, tuseme jumla inafika uniti 15 kwa siku. Sasa nenda jikoni. Uji asubuhi, makande au ugali maharage mchana, usiku tena ugali. Kwa mafiga ya wazi tuseme wanachoma kilo 400 za kuni kwa siku, ambayo kwa shule ya ukubwa huo wala sio ajabu. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kama uniti 4, kwa hiyo hapo ni uniti 1,600. Umeona? Jiko linakula mara mia ya taa na kompyuta zote. Kweli nyingi ya hiyo inapotea, kwenye moto wa wazi inayoingia kwenye sufuria ni kama asilimia 12 tu, zaidi kidogo ama pungufu kidogo, lakini hata hizo zinazoingia ni karibu uniti 200, bado taa haziioni ndani. Ndo maana unaweza kufunga sola nzuri kabisa na mti wa jirani usijue kama kuna kilichobadilika.

Wenzetu wa nchi nyingine hesabu yao iko tofauti. Kule Batesville, jimbo la Arkansas Marekani, shule za umma zilifunga paneli kama 1,500 na kubana matumizi ya umeme, na pesa iliyobaki ikaongezwa kwenye mishahara ya walimu. Kwao iliwezekana hivyo kwa sababu mzigo wao mkubwa ulikuwa bili ya umeme. Sisi mzigo wetu mkubwa uko kwenye sufuria, kwa hiyo tukiiga paneli bila kuangalia sufuria tunakuwa tumeanza na kitu kidogo.

Na huku kwetu mti sio kitu cha kuchezea. Dodoma inapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote karibu zinaanguka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Mti ukikatwa hauoti haraka. Wazee wa Kondoa wanakumbuka makorongo yalivyokula mashamba, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikatolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumue.

Sasa basi shule ifanyeje na jua lake? Mi naona ianze na maji. Najua inashangaza, tunaongelea jiko mi naleta maji, ila nifuate.

Kuvuta maji kisimani ndo kazi sola inaifanya vizuri kuliko zote, kwa sababu haihitaji betri. Jua likiwaka pampu inazunguka, maji yanapanda kwenye tenki, usiku unafungua bomba. Tenki ndo betri yako, na tenki haifi baada ya miaka mitatu. Kupandisha lita 20,000 kutoka kina cha mita 60, ukihesabu na zinazopotea kwenye pampu, unahitaji kama uniti 7 kwa siku. Paneli sita za wati 350 zinatosha kwa jua letu la Dodoma. Lita 20,000 kwa wanafunzi 600 ni lita 33 kila mmoja, ndoo moja na nusu na zaidi, na kwa shule ambayo watoto wanaamka saa kumi kwenda kupanga foleni ya maji hiyo ni nafuu kubwa sana. Hata kama kisima kina yale maji magumu ya chumvi chumvi tuliyoyazoea huku, ya kunywa yatafutiwe utaratibu wake ila chooni yanafaa.

Na chooni ndo nilikuwa nakupeleka.

Kinyesi cha mtu mmoja kwa siku kinaweza kutoa kama lita 25 za bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotoka kwenye uchafu ukioza bila hewa. Zidisha kwa 600 unapata lita 15,000, yaani mita za ujazo 15, na kila mita moja ina kama uniti 6. Jumla uniti 90 kila siku, zinatoka kwenye kitu ambacho shule inalipa gari lije kukinyonya. Jiko la gesi linaingiza zaidi ya nusu ya moto wake kwenye sufuria, kwa hiyo kati ya zile uniti 200 ambazo chakula kinahitaji kweli, choo peke yake kinatoa kama 50, robo nzima. Ukiongeza majiko banifu kwa zile kuni zinazobaki, yale ya kujengea yenye bomba la moshi yanayobana kuni, hesabu inashuka kutoka kilo 400 hadi kama kilo 125 kwa siku. Na kama maharage na makande yameloekwa usiku kucha inashuka tena, hiyo wala haihitaji fundi.

Lakini choo cha shimo kikavu hakilishi mtambo wa bayogesi. Kinachotakiwa ni choo cha kumwaga maji, kinachopeleka uchafu kwa bomba hadi kwenye tanki la chini ya ardhi lisilopitisha hewa, humo bakteria ndo wanatafuna na kutoa methani, ndo gesi yenyewe inayowaka. Bila maji hakuna kinachosafiri. Ndo sababu nimesema kwanza kisima. Nimewahi kuona mtambo umejengwa vizuri kabisa, umekaa tu umepasuka, kwa sababu maji yalikatika kiangazi na vyoo vikafungwa watoto wakarudi porini. Upande mwingine maji yakizidi nayo ni shida, vile vyoo vya kuvuta vinavyomwaga lita 9 kila mara vinasukuma bakteria nje kabla hawajamaliza kazi, uchafu unatakiwa ukae mle siku 40 hadi 50. Lita mbili tatu kwa mara moja zinatosha, na kwa shule ya 600 tanki linakuwa la mita za ujazo kama 100.

Huku kwetu pia kuna ng'ombe, hilo wala halina ubishi kwa Wagogo. Ng'ombe 20 wakilala zizini unaweza kukusanya kama kilo 200 za samadi, hizo zinatoa mita za ujazo 7 za gesi, ila samadi nayo inachanganywa na maji kwa kiasi sawa. Maji tena. Tope linalotoka mwishoni ni mbolea safi, isipokuwa kama lina kinyesi cha watu usiliweke kwenye mchicha wala nyanya, peleka kwenye miti na majani ya mifugo.

Gesi ya mtungi ni safi na wapishi wanaipenda, na inasaidia sana kwenye ile safari ya mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ila mtungi unaisha na unanunuliwa, shule haiuzalishi.

Upepo je? Upo, Singida na Kongwa wanaujua. Chuo cha Carleton kule Minnesota, Marekani, kilisimamisha mtambo wake mkubwa wa umeme wa upepo, wa megawati 1.65, mwaka 2004. Kwa shule ya kawaida mi nisingeanza huko, hata mitambo midogo inahitaji fundi wa kupanda mlingoti kila ikigoma.

Turudi kwenye paneli kidogo kwa sababu nazo zinakufa kwa makosa madogo. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, katikati ya mwaka linakaa kaskazini. Kwa hiyo zielekezwe kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili vumbi na maji viteremke. Kiangazi mvua haiji kuziosha, lazima mtu aoshe, tena alfajiri, sio saa sita kioo kikiwa cha moto unakimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka. Na betri za asidi zinauawa na pasi na hita ya maji ya kuoga, mtu anachomeka mara moja tu, kesho mwingine, betri inanyonywa mpaka chini kila siku na mwaka wa pili imeisha.

Hapo ndo umuhimu wa kuwa na fundi wa pale pale. Chuo cha Barefoot kilichopo Tilonia, Rajasthan nchini India, sehemu kame kama yetu, kinafundisha kina mama na bibi wasiojua kusoma wafunge na kutengeneza sola, na mafunzo ya aina hiyo yamefika mpaka Zanzibar. Kama bibi anaweza baada ya miezi michache, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma fizikia anaweza kabisa kupewa zamu ya kusoma mita na kuosha paneli, na mpishi akafundishwa kukoroga samadi.

Na shule yako ikijenga mtambo, msikate tamaa mapema. Mnaanza kwa kuujaza samadi ya ng'ombe ndo inaleta bakteria, halafu mnasubiri. Gesi ya kwanza haiwaki, nyingi ni kaboni dayoksaidi, watu wanawasha kiberiti mara tatu wanasema tumeibiwa. Iachieni itoke nje. Wiki mbili tatu baadae mpishi akifungua koki moto unashika wa bluu, hauna moshi, na uji wa asubuhi unachemka.