Anayerudi Nyumbani ni Yule Mwenye Uhakika wa Kuondoka Tena

Kazi yangu ni kuwashauri wahamiaji, na swali ninaloletewa kuliko yote halihusu viza wala ajira. Ni hili: nirudi, nisirudi? Anayeuliza huwa amejiuliza kwa miaka, kila Desemba akijiahidi kwamba mwakani ndiyo mwisho. Ndugu zake wanadhani amenogewa na majuu. Wenyeji wa huko aliko wanadhani amekuja kuwajazia nchi. Wote wanachukulia kwamba kurudi ni suala la kutaka au kutotaka. Mimi kila nikifungua faili la mtu, naona ni suala la makaratasi kwanza, mengine yanafuata.

Ujerumani Magharibi ilijifunza hilo kwa gharama. Kuanzia 1955 ilisaini mikataba na Italia, baadaye Uturuki na nchi nyingine, ili kupata nguvukazi ya viwandani. Hadi 1973 walikuwa wameingia karibu watu milioni 14, na takriban milioni 11 kati yao walirudi makwao bila kufukuzwa na mtu. Walikuja, wakachuma, wakaondoka, na aliyeishiwa alijua anaweza kuomba mkataba mwingine. Novemba 1973, mafuta yalipopanda bei, serikali ikasimamisha uajiri. Ilitarajia wageni wapungue. Badala yake wengi, hasa Waturuki, wakaganda pale pale na kuwaita wake zao na watoto. Ndiyo hesabu ya kawaida ya binadamu: ukijua ukitoka hutaingia tena, hutoki.

Serikali zikajaribu pesa. Ufaransa mwaka 1977 ilitoa faranga 10,000 kwa mhamiaji atakayekubali kuondoka. Iliwalenga hasa watu wa Afrika Kaskazini, lakini waliochukua kwa wingi walikuwa Wareno na Wahispania, ambao udikteta ulikuwa umetoka kuanguka kwao na walikuwa na pa kurudi. Ujerumani nayo mwaka 1983 ikaahidi marki 10,500 kwa mfanyakazi na 1,500 kwa kila mtoto. Pesa kama hizo humsukuma aliyekwisha kufunga mizigo. Anayeogopa hazimtoi.

Mpaka wa Marekani na Meksiko ni hadithi ile ile. Mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi jinsi vibarua wa Kimeksiko walivyozoea kwenda na kurudi kwa misimu, mpaka ulinzi ulipoimarishwa na kuvuka kukawa ghali na hatari. Wakaacha kurudi. Ukuta uliojengwa kuwazuia kuingia ukawazuia kutoka.

Ndani ya hesabu hiyo kuna watu. Nilikaa na mama mmoja, mlezi wa wazee, asiye na kibali, siku aliyomzika mama yake kwa simu. Aliiegemeza simu kwenye birika, chaja imechomekwa, naye amevaa sare ya kazi kwa sababu zamu ilikuwa inamsubiri. Mtandao ukakata jeneza lilipokuwa linashushwa. Uliporudi, watu walikuwa wanatawanyika. Akauliza, "Wameshafukia?" Mpwa wake akajibu, "Tayari, shangazi." Akachomoa chaja, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba, akaenda kazini. Ndugu zake walikuwa wamenung'unika wiki nzima kwamba ameota mizizi. Hakuna aliyewaeleza kwamba sheria ya Marekani ya 1996 humfungia nje miaka 3 aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, na miaka 10 aliyepitisha mwaka. Ulaya nako, chini ya maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2008, aliyeamriwa kuondoka anaweza kupigwa marufuku ambayo kwa kawaida haizidi miaka 5. Kwa mtu kama huyu, kwenda msibani ni kuchagua kati ya kaburi la mama na karo ya watoto.

Wenye vibali nao wasijisahau. Ukaazi wa kudumu si wa kudumu kama jina lake linavyodai. Uingereza, kwa kawaida ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, unapotea. Marekani, ukipitisha mwaka bila kuomba mapema kibali cha kurejea, unajitafutia matatizo uwanja wa ndege. Ukaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya unaweza kukuponyoka ukikaa miezi 12 mfululizo nje ya Umoja. Ndiyo maana humwambia aliyebakiza muda mfupi kupata uraia avumilie, hata kama roho yake iko nyumbani, mradi nchi yake haitamnyang'anya uraia wa kuzaliwa kwa hilo. Nimeona mara nyingi: anayeapa kwamba akipata pasi hataondoka tena ndiye wa kwanza kukata tiketi.

Kisha kuna aibu, ambayo haina sheria ya kuitibu. Methali inasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ila haisemi ngamani watu watakupokeaje ukija mikono mitupu. Wengi wamejifunga wenyewe kwa picha walizotuma: gari la bosi, sebule ya kuazima. Wengine walianza na deni la wakala, ingawa mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza kwa kanuni mfanyakazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Nawaambia waanze kusema ukweli mapema, kidogo kidogo, kwa ndugu mmoja mwenye kifua. Ni ushauri mwepesi kutoa kuliko kuufuata, najua.

Ninachopendekeza kwa yeyote mwenye karatasi ni kurudi kwa majaribio: miezi kadhaa bila kuuza kila kitu, akaunti ya benki ikiwa hai, na michango ya pensheni ikiwa imeulizwa kama inalipwa nje ya nchi, maana hilo mara nyingi hutegemea kama nchi hizo mbili zina makubaliano. Watoto waliokulia ugenini waulizwe pia. Kwao safari hiyo ni kuhama.

Asiye na karatasi ana njia ya kurejeshwa kwa hiari. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likiratibu mipango hiyo tangu 1979, na kwa wengine ni nafuu ya kweli kuliko kukamatwa. Lakini usisaini kabla hujauliza: je, saini hii inanipiga marufuku ya kurudi, kwa miaka mingapi, na nani anaweza kuifuta? Majibu yawe kwa maandishi, na nakala moja ibaki kwako.