Ightham Mote: Namna ya Kusoma Jumba la Mwinyi wa Kiingereza

Katika bonde moja la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Sevenoaks, lipo jumba liitwalo Ightham Mote, ambalo kuta zake zimechomoza moja kwa moja kutoka majini. Sehemu zake kongwe ni za miaka ya 1320, na vyumba vyake, ambavyo vinazidi 70, vimeuzunguka ua mmoja wa katikati. Wako wanaoliita ngome, nao wanakosea. Haya yalikuwa makao ya mwinyi, mtu aliyeishi kwa mazao na kodi za ardhi yake, na lile handaki la maji lingeweza kumzuia mwizi wa usiku lakini lisingelizuia jeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha hadhi ya mwenye nyumba.

Anayetaka kulielewa jumba la aina hii na aanzie ukumbini. Katika karne ya 14 bwana, jamaa zake na watumishi walikula pamoja chini ya paa moja refu lisilo na dari, lakini kila mmoja alijua mahali pake. Upande wa juu ndipo ilipokaa meza ya bwana. Upande wa chini palikuwa na milango ya kuelekea stoo na jikoni. Mpangilio huo umebaki kwenye kuta zenyewe, kwani kanisa dogo la kwanza la Ightham Mote, chumba cha chini chenye dari la kuba la mawe, na vyumba vya faragha vya familia vyote vimeungana na ukumbi kwa upande wa juu. Hata asiyejua historia ya mahali hapo angeweza kuonyesha bwana aliketi wapi.

Mafundi walitumia walichokuwa nacho karibu: jiwe gumu la kijivu la Kent, na mbao za mwaloni. Mwaloni ulichongwa ukiwa bado mbichi, ncha za boriti zikachomekwa katika matundu ya nguzo na kukazwa kwa vigingi vya mbao, hivi kwamba mti ulipokauka na kusinyaa viungo vilizidi kubana. Katika majengo ya namna hiyo, nafasi zilizobaki kati ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kazi ambayo msomaji aliyewahi kukandika nyumba kijijini hahitaji kuelezwa.

Jumba halikujengwa kwa mkupuo mmoja. Mnara wa lango uliongezwa katika karne ya 15, na ua ukazibwa pande zote nne polepole kwa sababu handaki halikuacha nafasi ya kupanuka nje. Mwaka 1521 lilinunuliwa na Richard Clement, mtumishi wa mfalme Henry VIII, na dari la mbao la kanisa dogo jipya likapakwa waridi za Tudor, ukoo wa mfalme huyo. Utii wa mtu kwa mfalme wake ulionekana hata pale alipoinua macho kusali.

Majengo ya nje yana habari zake. Mabanda ya farasi na nyumba ndogo zenye kiunzi cha mbao yako ng'ambo ya maji, kwa maana harufu, kelele na samadi havikutakiwa uani. Kilichoruhusiwa humo ni kibanda cha mbwa, kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mbwa mkubwa wa aina ya St Bernard aliyeitwa Dido, nacho leo kinalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria. Sijui fundi gani wa banda la mbwa angetarajia heshima hiyo.

Mwaka 1953 jumba lilinunuliwa na Mmarekani Charles Henry Robinson, na alipofariki mwaka 1985 likaachiwa National Trust, shirika la hifadhi la Uingereza. Kuanzia 1989 hadi 2004 lilifanyiwa ukarabati uliogharimu zaidi ya pauni milioni 10: sehemu zilibomolewa kwa uangalifu, namna zilivyojengwa ikaandikwa, kisha zikajengwa upya. Katika kuzibomoa, mafundi walikuta mapambo na sehemu za majengo ya awali ambazo wamiliki wa baadaye walikuwa wamezifunika kwa kazi zao wenyewe.