Seli za Kiungo Maabarani: Maswali na Majibu Kuhusu Baridi Yabisi

Kwa nini tuchunguze seli na si mgonjwa mwenyewe?

Goti la mtu halifunguliwi kila wiki ili kuona dawa imefika wapi. Katika baridi yabisi, utando laini uliofunika kiungo kwa ndani hunenepa, humwaga kemikali za uvimbe, kisha hula gegedu na mfupa. Mwaka 1989 kundi la Marc Feldmann na Ravinder Maini, London, lilikuza seli za utando huo, likazuia kemikali moja tu iitwayo TNF, na nyingine, IL-1, ikashuka. Dawa za kuzuia TNF zilianzia hapo.

Seli zenyewe hupatikana wapi?

Kwenye kipande cha utando kinachotolewa mgonjwa anapobadilishiwa goti au nyonga. Hukatwakatwa, humeng'enywa kwa kolajenezi, kimeng'enya kinachovunja kolajeni ya tishu, kwa saa chache, kisha seli hukuzwa kwa nyuzi 37. Mwanzoni ni mchanganyiko. Zikishahamishwa mara tatu kwenda chombo kipya, karibu zote zilizobaki ni faibroblasti, yaani seli zinazojenga nyuzi za tishu. Zitumie kati ya uhamisho wa 3 na wa 8, kwani baadaye huchoka na kubadilika tabia. Hapa Uganda kibali cha kamati ya maadili na usajili wa UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia) hutangulia kipande cha kwanza, hata kama kingetupwa.

Uvimbe unaamshwaje?

Panda seli 10,000 kwa kila sentimita mraba na uziache zishike usiku kucha. Punguza seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli) kutoka asilimia 10 hadi 1 kwa saa 24, halafu weka TNF nanogramu 10 kwa mililita. Baada ya saa 24 nyingine, pima IL-6, kemikali nyingine ya uvimbe, kwenye maji ya lishe yaliyo juu ya seli. Visima vitatu vya sahani ya maabara, yaani vishimo vidogo vya kukuzia seli, havikosekani: kisicho na kitu, chenye TNF pekee, na chenye TNF pamoja na deksamethasoni, dawa inayojulikana kutuliza uvimbe. Deksamethasoni isiposhusha IL-6, kosa ni la jaribio; usiendelee. Na saa 24 ni uvimbe wa ghafla tu. Ukitaka ulio sugu, rudia TNF kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku ya pili au ya tatu.

Dondoo la mtishamba lililowekwa kisimani limeshusha IL-6. Je, ni dawa?

Pengine limeua seli. Seli iliyokufa nayo haitoi IL-6! Kabla ya kushangilia, hesabu seli hai kwa tripani bluu, ambayo huingia kwenye zilizokufa tu. Kipimo cha MTT, ambacho rangi yake hugeuzwa zambarau na seli hai, kinadanganya hapa: kemikali nyingi za mimea huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau zenyewe, kwa hiyo weka pia kisima chenye dondoo bila seli. Kiyeyushi cha DMSO kisizidi asilimia 0.1. Kosa la kinyume lipo pia: dondoo lililochafuliwa na sumu za bakteria huamsha uvimbe, nawe ukalitupa bure. Mikoplazma, aina ya bakteria wadogo sana, ndiyo adui mbaya zaidi, maana haionekani kwa hadubini ya kawaida na haifi kwa penisilini. Pima seli kila mwezi kama zinayo.

Kuna la pekee kwa maabara ya Kampala?

Mwinuko. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya bahari, hivyo asilimia 5 ya kaboni dioksidi hapa ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya Mombasa, na maji ya lishe huelekea rangi ya waridi iliyokolea. Kuipandisha hadi karibu 5.7 hurekebisha hali. Umeme ukikatika, acha mlango wa inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, umefungwa mpaka jenereta ishike.

Sahani haionyeshi nini?

Mwili mzima. TNF ileile inayobomoa kiungo ndiyo inayosaidia kukifungia kifua kikuu kilicholala mapafuni. Kwenye sahani, kuizuia huonekana ni faida tupu. Kwa mgonjwa wa hapa nchini, daktari humpima kifua kikuu kwanza kabla ya sindano ya kwanza ya dawa ya kuzuia TNF.