Je, wajua kwa nini vyombo vingi vinavyopeleka mizigo kituo cha anga vinachomwa makusudi?

Chukulia kampuni imetengeneza chombo cha angani, kina paneli za sola, kina kompyuta, kina injini zake, kinapakiwa tani kadhaa za mzigo, kinafika salama, kinakaa huko miezi kadhaa, alafu siku ya kuondoka watu wale wale waliokitengeneza wanakielekeza kwenye angahewa kiungue kiishe. Ndo inavyokuwa kwa Cygnus ya Northrop Grumman, kampuni ya Marekani, kila safari. Ndo inavyokuwa kwa Progress ya Warusi toka 1978. Vya Ulaya na Japani navyo viliishia hivyo hivyo. Wengi wakisikia hii habari mara ya kwanza wanaona ni hasara tupu, mimi naona kuna akili kubwa sana hapo ndani, na ukishaelewa kile chombo kinaondoka na nini ndani yake utaona kwa nini.

Tuanze na hali ya huko juu. Kituo cha Anga cha Kimataifa, ISS, kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita kama 400, kwa spidi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, yaani kila dakika 90 hivi kimemaliza mzunguko. Kina watu ndani bila kukatika toka Novemba 2000, siku hizi kawaida wanakuwa saba. Maji wanayarudisha wenyewe, mkojo, jasho, mvuke wa pumzi, vyote vinasafishwa na vinanyweka, na mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, walitangaza wamefikia asilimia 98 ya maji kurudishwa, ambayo si kazi ndogo hata kidogo. Ila chakula, nguo, vipuri, dawa na vifaa vya utafiti lazima vitoke huku chini.

Zamani kazi kubwa ya kupandisha mizigo ya Marekani ilifanywa na zile ndege za anga, space shuttle, zikastaafishwa Julai 2011. NASA walishajipanga mapema, Desemba 2008 wakatoa kandarasi mbili: SpaceX safari 12 kwa dola bilioni 1.6, na Orbital Sciences, ambayo leo iko ndani ya Northrop Grumman, safari 8 kwa dola bilioni 1.9. Kilichokuwa kipya hapo ni kwamba NASA hakununua chombo, alinunua huduma ya kufikishiwa mzigo, chombo kikabaki mali ya kampuni na kampuni ikaachiwa ijipange inavyojua. Dragon ya SpaceX ikawa chombo cha kwanza cha kampuni binafsi kufika ISS, Mei 2012, na Cygnus ikafuata Septemba 2013.

Kwa nini kampuni mbili? Jibu lilikuja lenyewe. Oktoba 2014 roketi iliyobeba Cygnus ililipuka sekunde chache tu baada ya kuruka pale Wallops, Virginia. Aprili 2015 Progress moja ya Urusi ikapotea. Juni 2015 roketi ya Falcon 9 ikapasuka na Dragon yake. Mizigo mitatu imepotea ndani ya miezi nane na huko juu kuna watu wanakula kila siku, lakini hakuna aliyelala njaa maana kulikuwa na akiba, Progress nyingine ikafika Julai na chombo cha Japani kikafika Agosti. Ndo maana hawawekei tegemeo kwa mtu mmoja.

Sasa hizi kampuni mbili zilichagua majibu tofauti kabisa kwa swali moja: mzigo ukishafika, chombo kifanyweje? Dragon ikatengenezwa irudi nyumbani nzima. Cygnus ikatengenezwa iende mara moja tu.

Na kufika kwenyewe sio mchezo, ngoja nigusie kidogo. Cygnus haijiungi yenyewe na kituo, inasogea taratibu mpaka inasimama umbali wa mita kama 10, hapo vyote viwili vinakwenda kilomita 28,000 kwa saa lakini ukivitazama ni kama vimetulia, alafu mwanaanga anaidaka kwa mkono wa roboti uliotengenezwa Kanada wenye urefu wa mita 17.6, ndo inavutwa na kufungwa mlangoni. Haraka haitakiwi kabisa. Juni 1997 Progress iliyokuwa inafanyiwa jaribio la kuongozwa kwa mkono iligonga kituo cha Urusi cha Mir na kutoboa chumba kimoja, hewa ikaanza kuvuja, ikabidi wale wanaanga wakifunge kile chumba kabisa. Toka hapo kila mtu anaheshimu hizo mita za mwisho.

Haya, turudi kwenye swali letu.

Watu saba wakiishi kwenye nyumba iliyofungwa pande zote wanazalisha taka, na huko juu taka zina tabu yake. Nguo hazifuliwi, hakuna mashine ya kufulia, maji yana thamani kubwa mno kuyamwaga kwenye nguo, kwa hiyo mwanaanga anavaa nguo mpaka haivaliki tena inakuwa taka. Ongeza mifuko ya chakula, vifungashio, sponji za kulindia vifaa visivunjike wakati wa kuruka, vichujio vya hewa vilivyochoka, vitambaa vya kujifutia, mitambo iliyokufa, na ndio, kinyesi nacho, kinazibwa kwenye vyombo maalumu na kupangwa pembeni. Hakuna shimo la taka wala gari la kuja kuzoa. Vyote vinakaa humo humo ndani na watu mpaka chombo cha mizigo kije.

Kwa hiyo kile chombo kinafanya kazi mbili, na ya pili haitangazwi sana. Wanaanga wanavyoshusha mzigo mpya ndivyo wanavyojaza taka kwenye nafasi inayobaki, kazi ya wiki na wiki, na hawatupii tu ovyo, wataalamu wa huku chini wanapanga kila mfuko ukae wapi maana uzito ukiegemea upande mmoja chombo kinasumbua kukiongoza kikishaachiwa. Wakati huo wote kinakuwa kama stoo ya ziada ya kituo, na baadhi vinasaidia hata kukisukuma kituo juu kidogo, maana kwenye kimo kile bado kuna hewa nyembamba sana inayokipunguzia spidi na kukishusha pole pole. Progress wamefanya kazi hiyo miaka mingi, Cygnus ikaifanya 2022, na Dragon ikaanza 2024.

Utauliza, si wafungue mlango watupe tu nje? Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kitu ukikitupa nje ya kituo hakidondoki, kina spidi ile ile ya kituo, kwa hiyo kinaendelea kuzunguka dunia jirani yako, na kesho kinaweza kukutana na chombo cha mtu mwingine. Kitashuka siku moja, ila lini na wapi hupangi wewe. Vitu vyepesi kidogo vinavumilika, Julai 2022 waliachia mfuko mmoja wa taka wa kilo kama 78 kutoka kituoni ukaja kuungua wote. Ila Machi 2021 waliachia fremu iliyobeba betri kuu kuu, uzito karibu tani 3, ikazunguka miaka mitatu, ikaingia kwenye angahewa Machi 2024, na kipande cha chuma cha gramu kama 700 kikapenya paa la nyumba ya watu huko Naples, Florida mpaka ndani. Bahati hakikuumiza mtu. NASA wenyewe walikichunguza kile chuma wakathibitisha ni chao. Hilo tukio linaeleza vizuri kuliko maelezo yoyote kwa nini taka zinahitaji dereva.

Cygnus ni taka zenye dereva. Ikishaachiwa inasogea mbali na kituo, na siku ikifika injini inawashwa kuelekea mbele, yaani inasukuma kinyume na mwendo, inapunguza kama mita 100 kwa sekunde kwenye spidi ya zaidi ya mita 7,600 kwa sekunde. Ni kidogo mno ukilinganisha, lakini inatosha, njia yake upande wa pili wa dunia inazama mpaka kwenye angahewa na baada ya hapo hakuna kurudi. Hewa iliyoko mbele ya chombo haipati muda wa kupisha, inabanwa kwa nguvu mno mpaka inakuwa moto kupita kiasi, na huo mbano ndio unaoleta sehemu kubwa ya joto, sio msuguano peke yake kama tunavyozoea kusema. Paneli zinang'oka mapema, mwili unapasuka, taka zinawaka, na vile vipande vigumu vinavyosalia vinaangukia Pasifiki ya Kusini sehemu ambayo nchi kavu iko mbali kila upande, na marubani na mabaharia wanakuwa wameshapewa taarifa wakwepe.

Lakini si wangeiwekea ngao ya joto irudi itumike tena? Inawezekana, Dragon inafanya. Ila hesabu yake ni hii: roketi ina uzito fulani tu inaoweza kuupandisha, ukiweka ngao ya joto nzito, parachuti, umbo lililobanwa la kuhimili kuingia kwenye angahewa, kila kilo ya vitu hivyo inakula nafasi ya mzigo, na bado unahitaji meli za kwenda kukichukua baharini na watu wa kukikarabati. Cygnus haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni pipa kubwa la alumini lililounganishwa na injini na paneli, rahisi kutengeneza, lina nafasi kubwa, na toleo lake kubwa zaidi lililoruka Septemba 2025 lilipandisha karibu tani 5. Na alafu ungerudisha nini? Nguo chafu na vifungashio? Kusafirisha taka kwa uangalifu mpaka ardhini ili ukazitupe ardhini, sioni faida yake.

Ila kuna vitu lazima virudi vizima, na hapo ndo Dragon ina heshima yake. Sampuli za damu za wanaanga zilizogandishwa, fuwele za protini, tishu zilizokuzwa bila uzito, kifaa kilichoharibika ambacho mafundi wanataka kukifungua waone kilikufa kwa nini. Shuttle zilipostaafu, kwa muda pakawa na Soyuz tu, chombo cha Warusi cha kubeba watu, ya kurudisha vitu, nayo ikishaweka watu watatu inabaki na nafasi ndogo sana ya mzigo. Dragon ya sasa inaweza kurudisha mpaka tani 3 hivi, inashuka kwa parachuti baharini, na sampuli zinakimbizwa maabara kabla uvutano wa dunia haujaharibu kile walichokuja kukipima. Kwa hiyo wanagawana kazi, cha thamani kinapanda Dragon, cha kutupwa kinapanda Cygnus au Progress.

Na hata Dragon sio kwamba inarudi yote. Ile sehemu ya nyuma yenye paneli inaachwa njiani, na kwa miaka kadhaa ilikuwa inaachwa kabla injini ya kushuka haijawashwa, kwa hiyo ikawa inashuka yenyewe popote. Walidhani itaungua yote. Haikuungua yote, vipande vikaokotwa Australia 2022, na vingine Kanada na North Carolina 2024. SpaceX wakabadilisha, toka 2025 wakahamisha kushukia kutoka Florida kwenda California ili ile sehemu iachwe kwa mpangilio na kuangukia Pasifiki. Unaona, ni somo lile lile la betri.

Kitu kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba Cygnus ikishajaa taka na kuondoka bado kazi zake hazijaisha. Wanasayansi wa NASA walikuwa na swali la hatari: moto unasambaaje ndani ya chombo cha anga? Bila uvutano hewa ya moto haipandi juu kama huku kwetu, moto unakuwa na tabia nyingine, na huwezi kuwasha moto mkubwa kwenye kituo chenye watu ukaangalia nini kitatokea. Lakini chombo kisicho na mtu, kilichoshaachana na kituo, na ambacho kinakwenda kuungua siku chache zijazo? Hapo unaweza. Juni 2016 wakawasha kitambaa chenye urefu wa karibu mita moja ndani ya Cygnus, kwenye boksi lenye kamera na vipimo, data ikatumwa chini kabla chombo hakijaangamia. Walirudia hivyo kwa Cygnus mbalimbali, majaribio sita jumla, la mwisho Januari 2024. Chombo kinachorudi nyumbani usingekubali kukifanyia hivyo.

Na kituo chenyewe kitaondoka kwa njia hiyo hiyo. Juni 2024 NASA waliipa SpaceX kandarasi ya mpaka dola milioni 843 kutengeneza chombo maalumu kinachotokana na Dragon, chenye injini nyingi zaidi na mafuta mengi zaidi, kije kuisukuma ISS chini baada ya kustaafu mwaka 2030. Uzito wa ISS ni zaidi ya tani 400, kwa hiyo hapo sio vipande viwili vitatu, ni vipande vikubwa vingi vitakavyofika chini, ndo maana wanalipa hela yote hiyo kwa ajili ya msukumo mmoja wa mwisho utakaohakikisha vinaangukia baharini, mbali na watu.